Hodi Nne

Saa tano na robo usiku simu ilinikuta Pasua,
miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.
"Haifunguki," alisema Aikaruwa.
Huwa hawasemi ni nini kisichofunguka.
Miaka tisa nimelishika neno hilo
kama daktari anavyoshika tumbo la mtoto:
hapa panauma? Na hapa?

Yuko Kibosho, kwa mama yake, wiki ya pili sasa.
Mishahara ya watu hamsini na wawili
imelala ndani ya kompyuta yake huku mjini,
ghorofa ya pili, juu ya duka la pembejeo,
na benki inataka faili kabla ya saa mbili asubuhi.

Kufuli ni la kijani?
La kijani.
Basi handaki limepita, toka migombani hadi mezani kwako.
Andika pingi, ruka nafasi, andika namba hizi.
Adabu ya kwetu ni hodi tatu,
ukikosa jibu unageuza.
Mashine hubisha nne.
Zote nne zikapotea.

Nikakumbuka: alasiri umeme ulikatika.
Ukarudi, mashine haikurudi nao.
Lomnyaki wa zamu akapanda ngazi na tochi,
nikamsikia akisogeza viti gizani.
"Kitufe kipi?"
Cha duara.
"Kimewaka buluu."
Usiondoke, kaa hapo.

Hodi nne tena. Na sasa, jibu!
Aikaruwa akacheka. Mimi sikucheka.
Milisekunde mbili.
Hakuna barua iteremkayo Kibosho
ikapanda tena kwa milisekunde mbili.
Aliyeitika yuko humo humo ndani.

"Nani amewasha kitu hapo sasa hivi?"
"Mpwa wangu. Runinga. Anatazama marudio ya mpira."

Mia na tisini na mbili, nukta, mia na sitini na nane,
nukta, moja, nukta, ishirini.
Runinga ya mama yake
na kompyuta ya mishahara
zinaitwa jina moja,
na ujumbe, kama mgeni yeyote aliyechoka,
umeingia mlango wa kwanza uliolijua jina.
Kila alipoita ofisi
alikuwa akigonga ukuta wa sebule yao.

Ruta hutoka kiwandani na namba hizo.
Za nyumbani huachwa hivyo hivyo.
Za ofisi hubadilishwa
na fundi anayejua kazi yake.
Ya kwetu niliifunga mimi, mwaka wangu wa kwanza,
Ijumaa, saa kumi na moja, nikiwahi mechi.

Sikumwambia hilo.
Nilimwambia: achana na intaneti ya nyumbani,
washa data ya simu yako, igawie kompyuta.
Akanipigia tena kwa kitochi cha mama.
Kufuli, kijani. Hodi nne.
Sabini na moja. Sitini na nane. Tisini. Sabini.
Huo ndio mwendo wa njia halisi,
una pumzi, una kona.

Akaingia.
"Naiona! Hata ile picha ya ubatizo wa Upendo naiona."
Na Lomnyaki, kwenye simu yangu ya pili:
"Fundi, huku imeandika jina lake halafu imejifunga.
Mimi sioni kitu."
Ndivyo ilivyo, kaka. Anayefanya kazi yuko mlimani.
Wewe unalinda meza tu.
"Na mshahara wangu uko humo?"
Mstari wa arobaini na nne.
"Basi nitakaa nao mpaka amalize."

Saa saba kasoro nikafungua daftari la hitilafu.
Sababu: mtandao.
Hatua: imetatuliwa.
Sikuandika Ijumaa ile.
Wala sikuandika kikohozi
nilichokisikia nyuma ya sauti yake tangu simu ya kwanza,
kikavu, kikikatika, kikianza upya,
kikinijia wazi kabisa bila handaki wala nywila.
Nilimuuliza rangi ya kufuli mara tatu.
Mama anaendeleaje, sikuuliza hata mara moja.

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa.
Nikayamwaga nje, kwenye mnanaa,
nikasahau kwamba yana chumvi.