Tisini

"Uinue," asema Shaame, chumba cha mazoezi, Wete.
Mkono wapanda kwa mlio wa bawaba yenye kutu,
wafika usawa wa dirisha, wagoma;
naupinda ubavu nimwibie kidogo.

"Umeegemea, mzee. Uende peke yake."
Abana kombe la bega kwa kiganja,
aweka kipimo cha plastiki,
aandika: tisini.

Nyuma, kidole gumba chaishia kwenye mkunjo wa kikoi.

Hakuuliza mkarafuu ulionitupa.
Auliza: "Wataka ukufanyie nini?"

Karafuu zilinijia ulimini.
Nikasema: takbira.
Tangu Mfunguo Tatu nainua mmoja;
wa pili nauachia nia.

Kalamu ikasita.
Akaliandika na hilo,
chini ya tisini.