Matone Mawili

Sista Zuhura amenitia matone mawili kila jicho
akaniambia nikae benchini hadi mboni zifunguke.
Mboni zikifunguka dunia inamwagika:
ukuta wa chokaa umekuwa maziwa,
na mama aliyeketi mbele yangu
ni buibui tu lenye sauti.

Maswali niliyajua kabla hajauliza.
Miaka mingapi na sukari? Kumi na tisa.
Ilinianza Shela, nina saba, mwezi wa Shaabani,
nilipomaliza kata baada ya kata na bado nikalilia maji.
Presha? Imepanda.
Sigara? Sivuti. Kaka yangu Bwanaheri
anavuta kwa niaba ya ukoo mzima.
Kuna mwenye figo mbovu kwenu?
Nikamtaja ami Shekuwe, aliyekuwa akivuka Mokowe
kwenda Malindi kusafishwa damu,
mara mbili kwa wiki, na kikapu chake cha ukili.

Na sukari ya miezi mitatu?

Hapo nikatazama viatu.
Daftari nililijaza jana usiku, kwa kalamu moja:
sita, saba, sita, saba.
Damu haina haja ya daftari langu.

Sikumwambia kuhusu kidato cha pili,
sindano zilivyolala ndani ya soksi
kwa kuwa bwenini waliniita teja.
Nilijidunga siku nilizothubutu.
Hakuna kilichouma, na hiyo ndiyo hila yake:
huingia kama chumvi katika nyumba zetu za mawe,
chokaa inavimba, unapaka nyingine,
unapaka tena kila Idi,
na ndani tumbawe linaliwa.

Mkojo wangu ulikuwa na povu.
"Protini. Kidogo. Bado mapema."
Kisha daktari na taa yake, pumzi yake ya karafuu:
"Vidoa viwili, jicho la kushoto. Tutavilinda."
Mapema, nikajisemea njiani, mapema,
mkono ukipapasa kuta hadi Langoni,
jua la saa saba likinipiga pande zote.

Nyanya akauliza, "Mato yamenenani?"
Nikasema nina njaa.

Insulini nikaitoa mtungini, kwenye mchanga wa maji.
Bomba nikaliinua juani: mistari hakuna,
mwanga mtupu.
Nikamwita Mwanaidi, mtoto wa dada, yuko darasa la pili.
"Nisomee. Imefika ngapi?"
Akasogeza uso, ulimi nje, kama anayetunga shanga.
"Kumi na mbili, khaloo.
Kwani wewe huoni?"