Kopo la S

Ermelinda Zanchi, mwalimu mstaafu wa Kilatini,
huweka kadi zake za maneno katika makopo ya biskuti.
Leo, huko Clusone, ghorofa ya tatu,
amefungua kopo la S. Kutu imechora duara mezani.

*Sentire*: kuhisi, kusikia, kuonja, kuwaza.
Wino uliofifia, mwandiko wa msichana.
Chini yake, kwa penseli: *wasema asili yake ni kwenda.*
Kushika njia. Mzizi wenye kinyota kichwani,
alama ya wataalamu kwa neno
ambalo hakuna aliye hai aliyewahi kulisikia.
Waairishi wa kale walibaki na njia yenyewe,
Wajerumani wakachukua akili,
Warumi wakachukua ngozi, pua, ulimi,
wakaisahau miguu.

Oreste, mumewe, hakuisahau.
Miaka thelathini na minane alipaka mawe rangi,
nyekundu na nyeupe, toka bondeni hadi Presolana,
watu wasipotelee ukunguni.
Siku moja aliuliza: basi *sentiero*, kijia changu,
si mtoto wa *sentire*?
Hapana, alijibiwa. Huyo ana mama mwingine.
Wamefanana sura tu.
Oreste akasuuza brashi, akasema,
"Kwetu waliofanana sura hualikana harusini."
Ermelinda alinuna kwa niaba ya elimu
na supu ikapoa.

Sasa masikio ya Oreste yamefunga.
Kifaa kimelala droo moja na kamba za viatu,
maana kikivaliwa hupiga mluzi kama birika.
Lakini kahawa haijachemka, yeye keshainua pua:
"Nasikia," asema,
na Kiitalia hakimkosoi,
wala Kiswahili changu hakina la kumsuta,
sisi tusikiao njaa, tusikiao baridi,
tusikiao harufu ya mkate wa jirani.

Kopo limefungwa. Kadi moja imebaki nje.
Ermelinda asimama nyuma ya kiti cha mumewe
na kumuuliza, kwa sauti isiyofika popote:
*Mi senti?*
Kisha vidole vyake viwili vyaanza safari
toka kifundo cha mkono wake, polepole,
vikipanda juu ya mishipa, juu ya kovu la shoka,
vikipumzika, vikiendelea.

Macho ameyafumba.
"Umefika kiwiko," asema Oreste.