Geseke Asomewa Shairi Lake

Mshairi alianzia mikononi:
inanuka samaki, aliandika, hata Jumapili.
Kisha pete. Nne,
na waume makaburini ni wawili tu.
Iliyozidi aliwaachia wasikilizaji waijumlishe kwa vicheko.

Ilikuwa Lubeki, mwezi wa theluji chafu,
ukumbi wa chama cha wauza chumvi.
Wulbrand, karani wa kanisa, viraka viwikoni,
amepanda juu ya benchi
anasoma kwa pumzi ya mtu aliyelipwa nusu.

Alisoma jinsi Geseke anavyosafiri hadi Bergeni
bila mwanamume wa kumshikia mkoba,
anavyobishana na askofu juu ya ushuru wa mapipa,
anavyotukana kwa lugha tatu,
anavyosema ndoa ni mkataba
na mkataba husomwa kabla ya kutiwa muhuri.
Alikusudia watu waseme: Mungu atuepushe.

Lakini kalamu nayo ina inda yake.
Alimpa mwanamke mstari mmoja ajiumbue,
akachukua kumi.
Na alipomwandalia toba mwishoni, magoti, machozi, kila kitu,
akakuta keshaondoka, yuko gatini anagonga mapipa
kusikia lipi limepunguzwa,
toba imebaki ukurasani kama kiatu kimoja.

Mimi nadhani alimwogopa.
Hakuna anayemtazama mtu kwa makini hivyo
kwa dharau peke yake.

Naye mwenyewe alikuwepo, nyuma, karibu na jiko,
koti la manyoya halijavuliwa.
Shingo zote ziligeuka.
Alingoja hadi tamati.

"Bwana Wulbrand. Ubeti wa tano.
Umesema chumvi nilinunua pipa kwa shilingi nane?"
"Nane hupatana na *wagombane*, bibi."
"Ilikuwa sita.
Niite mlevi, niite kiguu na njia,
pete zihesabu utakavyo.
Ila usiwaambie wateja wangu kwamba mimi hupunjwa."

Ukumbi ukacheka tena,
safari hii wakimtazama aliye juu ya benchi.

Usiku, kwa mshumaa aliokopa dukani kwake Geseke,
Wulbrand alilikwangua neno *nane* kwa kisu.
Ngozi ikatoboka kidogo.
Akaandika *sita* pembeni mwa tundu.
Kina kikavunjika.
Alikitazama kitambo, akapuliza wino,
akakiacha hivyo hivyo.