Zile Mbao Nyembamba za Darini

Alinilipa bata bukini mmoja na shilingi mbili
nimwandikie, maana mkono ulioongoza tezo miaka arobaini
haukuwahi kushika kalamu.
Ilikuwa Januari, hapa Wivenhoe, mto Colne umeganda kingoni,
na fundi merikebu Gamaliel Osborn kalala chini ya mablanketi matatu,
ananuka lami hata baada ya kuogeshwa.

"Andika, mwalimu. Roho kwa Muumba.
Mwili kwa udongo,
na jeneza lisiwe la mwaloni.
Mwaloni una kazi."

Kwa Thomasin, mke wangu: kitanda cha chumba cha juu,
mashuka jozi sita, birika la shaba,
na nusu ya nyumba, upande wenye jiko,
maadamu atabaki mjane.

Thomasin alikuwa mlangoni na bakuli la supu.
"Maadamu," akalirudia, hakuinua sauti.
Mzee akatazama dari kitambo kirefu.
"Lifute. Aolewe akitaka.
Ila kitanda asikiuze."
Nikalikata kwa mstari mmoja. Bado linasomeka.

Kwa Lancelot, kifunguamimba: kiwanja cha kuundia,
msumeno wa watu wawili, keekee zote,
na magogo hamsini na mawili yaliyofukiwa matopeni,
asiyaguse kabla ya mwaka wa saba.
"Ana pupa huyo," akaninong'oneza. "Liandike na hilo."
Sikuliandika.

Kwa Barnaby: fungu moja katika kumi na sita
la merikebu *Subira*, iliyotweka Septemba kwenda Norwe
na haijaonekana tena.
"Ikirudi, ana mali.
Isiporudi, atajua nilimkumbuka."

Kwa mjukuu ambaye hajazaliwa: mti mmoja,
uliosimama nyuma ya zizi la Tabor, nimekwisha kuulipia,
tawi lake la kusini limepinda kama kiwiko.
Usikatwe kwa miaka sitini.
Hapo akapumzika, akanywa vijiko viwili.

"Na Dionis?" nikauliza.
"Dionis apewe zile mbao nyembamba za darini."
Mbao gani? "Anazijua."
Lancelot akacheka: kuni za wiki moja!
Binti hakucheka. Tangu ana miaka tisa
ndiye aliyemshikia baba mshumaa
alipopiga magoti usiku, akichora kwa chaki sakafuni.

Kufa kufaana, husemwa. Tukamzika Alhamisi,
katika msonobari.

Machi, Lancelot akalaza mkuku kwa shangwe,
akawanunulia mafundi pipa la bia.
Mataruma yakapanda, moja, mawili, saba,
na kufikia la kumi hata mimi, mtu wa vitabu,
niliona ubavu wa kushoto unaukimbia wa kulia.
Wakabomoa. Wakaanza tena. Wakabomoa.

Mei akapanda ngazi za dada yake, kofia mkononi.
Zilining'inia pale, kila moja na tundu lake na kitani chake:
vigezo. Kila mpindo wa kila chombo alichopata kuunda mzee,
na kwa kuwa hakujua herufi, alichonga alama:
jicho, nusu mwezi, unyayo wa kuku.
Aliyejua kuzisoma alikuwa mmoja tu duniani,
naye alikuwa akimenya viazi.

"Taja bei," akasema Lancelot.
"Theluthi."
"Ya faida?"
"Na ya jina. Ubao wa langoni uandikwe upya."
Kiazi kikaanguka majini. "Na nitakuwa kiwanjani,
si darini."

Niliitwa mimi kuuandika ubao.
Safari hii hapakuwa na bata.
Nilipofika kwenye D, mkono ulinitetemeka kidogo,
sijui kwa nini; herufi ile imenenepa kuliko wenzake.

*Subira* haijarudi. Barnaby bado hushuka gatini kila Jumapili.
Thomasin aliolewa Oktoba na mwoka mikate.
Kitanda kipo.