Chenji

Nyamizi amerudi na kazi ya nyumbani:
neno moja la Kiingereza, maana kumi,
na kila maana na sentensi yake.
Mwalimu Mihayo amesema kamusi ruksa, mzazi ruksa.

Kamusi yetu haina herufi B mpaka E.
Kurasa hizo nilifungia karanga mwaka ule wa ukame,
abiria wakazisoma, wakala, wakazitupa dirishani
kati ya hapa na Kaliua.
Basi mimi ndiye kurasa zilizobaki.

“Mama, chenji ni nini?”

Ni sarafu, mwanangu. Andika.
Ni zile zinazokosekana
mtu akikupa elfu kumi kwa chupa ya asali ya elfu tatu
na treni imeshapiga honi.
Visawe vyake: baki, salio, “subiri kidogo,”
“huna ndogondogo?”, “chukua pipi mbili yaishe.”

Maana ya pili ni kubadili.
Na wewe bado una sare, kabadilishe kwanza.
Hiyo nayo iandike.

Ya nne: geuza. Chapati hugeuzwa.
Geuka ni shingo, mtu akiitwa.
Pindua ni serikali, hiyo iandike kwa penseli.

Ya tano ni mji wetu.
Watu hawaji Tabora, hubadilishia hapa:
wa Mwanza anashuka, wa Kigoma anajinyoosha mgongo,
wa Mpanda analalia mabegi yake mpaka kuche.
Ile -ia ya mwishoni usiisahau,
ndiyo tunayoila sisi wa Ng'ambo.

Ya sita
baba yako alibadilika.
Nilimuuliza, nani amekubadilisha?
Akasema hakuna, nimebadilika tu,
kama maziwa yanavyoganda, kama chuma kinavyoshika kutu,
kitenzi hakina mtenda.
Kiswahili kikamtetea. Nikakosa wa kumshika shati.

Hiyo usiiandike.

Andika hii.
Ulikuwa bado hujaota meno.
Mama mmoja, behewa la tatu, mtoto mgongoni,
alitoa elfu kumi, akapokea chupa,
na mimi nikiwa bado nahesabu, treni ikang'oka.
Nilikimbia na elfu saba mkononi,
nikapita choo cha stesheni, nikapita pipa la maji,
mpaka jukwaa likaisha zikabaki kokoto.
Akatoa mkono dirishani, akaupunga.
Wa kudai au wa kuniaga, mpaka leo sijui.
Mkono mmoja, maana mbili.
Muulize mwalimu kama hiyo inahesabiwa.

Saba ile iko kwenye kopo la majani ya chai.
Nimeila mara nne:
homa yako, bati lililong'olewa na upepo,
ada, na tena homa yako.
Mara nne nimeirudisha.
Si noti zilezile. Zile zilishakwenda
Urambo, Uvinza, sijui wapi,
zimebadili mikono kuliko mimi nilivyobadili kanga.
Lakini ni saba, na ni yake,
na kila treni ya Kigoma ikisimama
ninakwenda na ndoo ya chupa kichwani
na macho kwenye behewa la tatu.
Mtoto wake sasa ni mkubwa kama wewe.
Labda naye usiku huu ana kazi ya nyumbani,
na mama yake anamwambia:
chenji ni kitu ambacho mwanamke mmoja wa Tabora alininyima.

Nyamizi ameacha kuandika.
Anahesabu kwa vidole: nane, mama. Zimebaki mbili.
Nikamwambia, za mwisho jazia mwenyewe,
mimi kesho naamka saa kumi.

Leo daftari limerudi. Tisa kwa kumi.
Kisawe kilichokatwa kwa wino mwekundu ni kimoja, “Tabora,”
na pembeni alama ya kuuliza, kubwa kama ndoana.

Mwalimu Mihayo si wa hapa.
Alikuwa anakwenda Mwanza na sanduku la vitabu,
akashuka kubadili treni.
Huu ni mwaka wa sita.