Taya la Marumaru

Amri ililetwa asubuhi, nta ya muhuri bado laini:
kichwa kibaki, uso ubadilike
kabla ya sikukuu ya Flora.
Jina la zamani lisitajwe. Dinari arobaini.

Silitaji, basi.
Nasema tu: Kaisari wa miezi saba,
aliyekaa hapa, juu ya kigoda hiki chenye mguu mbovu,
akawaambia walinzi watoke wakanywe siki yao nje.
Akavua kofia ya chuma. Akashusha pumzi
kama mchukuzi aliyefika.
"Okulnio," akaniambia, "taya hili si langu.
Ni la baba, ni la sarafu, ni la jeshi.
Nipunguzie."
Nikamjibu kifundi: jiwe likishapungua halirudi.
"Ndicho nilichokijia."

Kisha akageuza kichwa, akanionyesha sikio la kushoto:
tundu dogo, jekundu bado,
lililotobolewa kwa sindano ya kushonea viatu,
usiku, kwa mkono wake mwenyewe.
"Na hili usilisahau."

Nisimpambe. Alipandisha kodi ya chumvi.
Binamu yangu Akonio alifia machimboni Luna
kwa muhuri wa mkono ule ule
uliotetemeka ukishika kioo changu.
Huruma yangu ina kutu; naitoa hivyo hivyo.

Mitaani walimpa majina.
Muuza dengu alikuwa nalo moja, kinyozi alikuwa nayo matatu,
na Kilatini, lugha isiyo na subira,
kila jina hulidai mkia:
wa kiume, wa kike, au wa kitu.
Wakampa wa kitu.

Nikatia patasi mashavuni.
Kaisari mpya ana ndevu, ana taya la ng'ombe wa jembe.
Nikalitafuta taya ndani ya jiwe. Halipo.
Lilishakuwa vumbi, likaniingia kifuani;
mpaka leo nalikohoa.

Magharibi akaingia Mesio, mlinzi wa zamu ya usiku,
yule mrefu, asiyeongea.
Akapiga magoti kwenye vifusi, akaokota:
bawa la pua, nusu ya mdomo wa juu,
ukope.
Akavitia ndani ya kofia yake.
Sikumwuliza alikuwa nani kwake.
Nilimwinulia taa tu, avione na vile vidogo.

Leo wameisimamisha sanamu sokoni.
Kaisari mpya kaja na matarumbeta,
kaitazama, kajishika taya,
kajishika tena.
"Umenifanya kijana," akasema, akacheka, akalipa.

Sikio hakuligusa.
Lile tundu sikuliziba kwa chokaa; nililiziba kwa nta,
na jua la Roma, ikifika Julai,
halina adabu kwa nta.